Shemeji na Ndege Isiyo na Mkia

Katika jamaa zetu za Mombasa, shemeji hakuumbwa kuheshimiwa. Mkwe huheshimiwa, mjomba huheshimiwa, shangazi huogopwa, lakini mume wa dada yako ni wako wa kumchezea. Utamwambia ana miguu ya korongo, naye atakwambia wali wako unafaa kubandikia karatasi ukutani, na hapo hapo mtaketi mle wali huo huo pamoja. Anayekasirika ndiye aliyekosa adabu.

Mimi na shemeji yangu tulianza siku ya harusi yao. Nilikuwa msichana mwembamba mwenye mdomo mpana, na mashangazi walikuwa wamenipa kazi ya kuzuia mlango wa chumba cha bibi harusi mpaka bwana harusi atoe kifungua mlango. Alitoa, nikasema haitoshi. Akaongeza, nikasema dada yangu si mkungu wa ndizi za Marikiti. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya kuazima, akasema kwa upole kwamba yeye aliambiwa anaoa mke, hakuambiwa nyumba ina askari. Ukumbi mzima wa wanawake ulicheka, nami nikampisha kwa sababu sikuwa na jibu. Jibu nililipata baada ya wiki, nikamfuata nalo nyumbani kwake.

Asili yake ni Kwale, na ufundi wake ni bati la ndege. Miaka yake yote ya kazi aliimaliza kwenye kiwanja cha ndege, ng'ambo ya daraja la Makupa, akitia viraka kwenye mbavu za ndege ndogo zinazowapeleka watalii mbugani. Mimi nilimwambia wazi kwamba ni fundi wa sufuria aliyepata bahati. Yeye akasema sufuria zangu hata hivyo hawezi kuzitengeneza, maana bati limekwisha, kilichobaki ni masizi yaliyoshikana kwa mazoea. Dada yangu alikuwa akikaa katikati yetu akimenya vitunguu, anacheka mpaka machozi, anasingizia vitunguu.

Kisha dada yangu akafariki. Aliugua muda mfupi, tukamzika, tukasoma hitima, watu wakakunja mikeka wakaenda zao. Hawakuwa wamejaaliwa watoto. Walikuwa wakiishi ghorofani katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, mama yetu akiwa chini, nami nimeolewa vichochoro vichache kutoka hapo. Baada ya msiba mama alimwambia mkwewe kwamba nyumba ni yake na asithubutu kuhama, naye akasema ndiyo mama, akapanda ngazi. Tangu hapo alishuka kwenda msikitini tu. Alirudi moja kwa moja, akamwamkia mama bila kuinua uso, akapanda tena. Chakula kilipanda kwa sahani na kurudi kwa sahani, na mama alikuwa akizifunua zile zilizorudi na kuzitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuutazama wali.

Mwanamke akifiwa na mume ana eda yake. Anakaa ndani, hapaki manukato, hajipambi, na siku ikifika wenziwe wanakuja kumtoa: anaogeshwa, anavishwa, anafukizwa udi, anaambiwa haya, rudi duniani. Mwanamume hana eda. Watu humpa mkono, humwambia Mungu akupe subira, na kila mtu hudhani amekwisha kurudi. Shemeji yangu alikaa eda ambayo hakuna aliyemwekea, na kwa kuwa hakuna aliyemwekea, hakuna aliyejua itakwisha lini.

Mimi nilikuwa na dawa moja tu. Wengine wana dua, wengine wana nasaha, mimi nina mdomo. Nikaona nitamtania mpaka anijibu. Neno moja lingenitosha, hata baya, hata la kunitukania mapishi. Siku atakayonirudishia, nilijiambia, tutakuwa tumempata tena. Lakini nilimwambia ndevu zake zikikua kidogo tutawapangisha kunguru, naye akasema, "Ndiyo, shemeji." Nilimwambia kanzu yake imempwaya hivi kwamba wanaweza kuingia wawili, akasema, "Ndiyo, shemeji." Hujapata kutukanwa mpaka umpe mtu utani wako mzuri, naye akukubalie.

Alasiri moja nilipanda na birika la chai na mahamri, nikamkuta ameketi sakafuni. Mbele yake ametandaza karatasi ya kaki kubwa kuliko mkeka wa kuswalia, na mkononi ameshika utepe wa kupimia wa dada yangu, ule aliokuwa akishonea. Kando lilikuwa jarida kuukuu la mambo ya ndege, limepoteza jalada, alilolipata kazini zamani lilipokuwa likitupwa. Nikainama kutazama.

Ilikuwa picha ya bawa. Bawa tupu, nene katikati, limerudi nyuma pande zote mbili. Nikadhani picha inaendelea ukurasa wa pili. Nikafungua, nikakuta tangazo la mafuta ya mashine.

"Nyingine iko wapi?" nikauliza.

"Nyingine ipi?"

"Ndege yenyewe. Mwili. Mkia."

"Hiyo ndiyo yote," akasema.

Nikaketi, maana hilo lilikuwa neno jipya, halikuwa ndiyo shemeji. Na kidogo kidogo akanieleza. Aliyeichora alikuwa mtu wa Ulaya, wa miaka ile kati ya vita viwili vikuu, watu walipokuwa wameshikwa na wazimu wa kuruka na kila mwenye penseli ana ndege yake. Huyu yeye alisema mwili wa ndege ni mzigo, na mkia ni mzigo zaidi. Havibebi, vinabebwa. Kinachobeba ni bawa. Basi chukua bawa peke yake, linenepeshe, watie abiria ndani yake, na madirisha uyaweke kwenye ukingo wa mbele. Abiria wote wanaketi mstari mmoja wakitazama mbele, kama watu wa barazani, hakuna wa nyuma wala wa kusongwa.

"Iliruka?"

"Haikuundwa."

"Mbona?"

"Hawakuiamini," akasema, akarudi kwenye utepe wake.

Niliumia, nakiri. Ndege zote alizozijua, zilizopita mikononi mwake zikaruka zikarudi salama, na huyu bwana katika upweke wake amekwenda kuichagua ile ambayo haikupata hata siku moja ya kuishi. Lakini kuumia ni kazi ya chumbani. Nikamimina chai nikaanza kazi yangu.

Nikamwambia nimeipenda, ila nataka kujua mambo ya adabu. Kwa kuwa sote tunakaa mstari mmoja, bila shaka wanawake watakuwa bawa la kushoto na wanaume la kulia, pazia katikati. Sasa ndege ikilala upande kugeuka, wanaume wote wanapaa na wanawake wote wanatumbukia, na kule nchani kabisa kuna mzee wa watu anaitapikia kofia yake. Nikatulia kungoja. Akasimamisha penseli, akafikiri.

"Hilo lilikuwa tatizo kweli," akasema. "Wanaokaa nchani wangepanda na kushuka sana."

Akaandika kitu pembeni ya karatasi. Nilikuwa nimemtania, yeye akanipokea kama mwenzake wa karakana.

Ikawa ndio mchezo wetu, ikiwa mchezo unaweza kuwa wa mtu mmoja. Kila nikitoka dukani, maana mimi nauza leso, au kanga, Biashara Street, nilipita nyumbani kwa mama, nikapanda ngazi na jambo la kuchekesha kuhusu ile ndege, naye akalijibu kwa uzito wake wote. Nikauliza choo kitakuwa upande gani. Akasema katikati, ili uzito usiegemee. Nikauliza rubani atajuaje nyuma kuna nini wakati nyuma hakuna. Akanionyesha jinsi ncha za bawa zilivyorudi nyuma na kupindwa kidogo, kidogo sana, na kusema ncha hizo ndizo zinazoishika ndege isiyumbe. "Mkia umo ndani ya bawa," alisema. Nikamwambia hata mimi akili zangu zimo ndani ya kichwa lakini watu wangependa kuziona. Akasema ndiyo, shemeji, na mimi nikashuka nimeshindwa.

Mwisho nikamwambia simwamini yeye wala huyo Mzungu wake. Kuchora hata mimi nachora. Atengeneze ndogo, airushe, nione kwa macho yangu, la sivyo auze karatasi ile kwa muuza karanga. Sikutegemea lolote. Siku ya pili mama akanipigia simu.

"Shemejiyo ameshuka," akasema kwa sauti ya chini kama anayeiba. "Amekwenda kununua mbao. Na ataka kitambaa chepesi, cheupe. Hakuniangalia mato, lakini amesema."

Cheupe nilikataa. Nyeupe katika nyumba ile tulikuwa tumeiona ya kutosha. Nikampelekea mtandio wa manjano, mwepesi wa kupepea kwa pumzi, nikamwambia Mzungu wake kama alitaka nyeupe angeunda mwenyewe. Akaupokea, akaupima kati ya vidole, akasema utafaa.

Alifanya kazi ile kama alivyofanya kazi zote, polepole, akirudia. Bawa lilipokamilika lilikuwa refu kuliko mikono yangu ikinyooshwa, na jepesi hivi kwamba ulilibeba na kuogopa kukohoa. Lilisimama sawa juu ya vidole vyake viwili. Sahani zilianza kurudi chini tupu, na mama akaanza kulalamika kwamba mkwewe anamaliza samaki, lalamiko ambalo alilisema kwangu, kwa mume wangu, na kwa kila aliyepita mlangoni kuuza chochote.

Tukapatana Jumapili tutakwenda Tononoka, kwenye uwanja. Ijumaa asubuhi shemeji alilishusha bawa akaliegemeza ukumbini kwa mama, kwa kuwa kule juu dirisha lilikuwa likipitisha upepo na gundi ilikuwa haijashika. Kisha akaenda kuswali.

Alasiri ile nilikuwa dukani, namkunjulia mteja leso ya tano au ya sita, nikamwona mtu amesimama nje kati ya leso zilizoning'inia, hajui aingie au asiingie. Hakuwahi kufika dukani kwangu tangu msiba. Alikuwa na kofia kichwani na jasho usoni, na uso wenyewe ulikuwa wa mtu aliyekuja kuripoti ajali.

"Masalkheri, shemeji," akasema. "Mama ametia mkia."

"Ametia mkia wapi?"

"Kwenye ndege."

Nilicheka mpaka mteja akaweka leso chini akaanza kucheka naye bila kujua anacheka nini. Shemeji alingoja tumalize.

"Umeshonwa kwa mkono," akasema. "Vizuri sana. Una mafundo mawili."

"Basi utoe."

Akanitazama kama niliyemwambia akampige imamu kofi. Na hapo nilielewa, kwa sababu mimi pia nimelelewa hapa. Shemeji ni wa kuchezewa, lakini mkwe ni mkwe. Mwanamume huyu hakuwahi kumwambia mama yangu hapana, hata kwa kijiko cha pili cha mchuzi. Akimpita ukumbini huinamisha kichwa, naye mama huvuta leso yake mbele kidogo, na mambo yao yote yanayohitaji maneno zaidi ya salamu yalikuwa yakipitia kwa dada yangu. Sasa mjumbe hayupo.

"Ikiruka na mkia?" nikauliza.

"Haiwezi. Uzito unarudi nyuma, itaanguka." Akarekebisha kofia yake. "Na tena, shemeji, ikiwa na mkia si ile."

"Ni utepe wa kitambaa tu. Kitambaa gani?"

"Leso ya dada yako," akasema. "Ile ya zambarau."

Kicheko kikaniishia. Akaniomba nikazungumze na mama. Nikamwambia aende zake kwa amani, jambo hilo ni langu, ni la dakika moja.

Nilimkuta mama ametoka kwenye swala, miwani bado iko puani. Bawa la manjano lilikuwa limeegemea ukuta, na nyuma yake, katikati, unaning'inia mkia wa zambarau, mrefu, umekunjwa pindo pande zote kwa mishono midogo iliyolingana. Mama yangu macho yake yamechoka. Sindano alikuwa hajaishika tangu tulipomzika dada yangu.

"Uzi nimetunga mwenyewe," akasema. "Sikumwita mtu." Akaligusa lile bawa. "Naliona li tupu, mwanangu, nikasikitika. Kitu cha kwenda yuu chataka mkia. Dadako akirusha tiara hapa darini, mikia nikimchania miye, kwa leso zangu kuukuu. Hukumbuki? Ikizunguka akipiga ukelele, mama, ongeza."

Nilikumbuka. Kila aliyekulia mji huu amerusha tiara, kishada cha karatasi na uzi, na kila aliyerusha anajua tiara isiyo na mkia huzunguka kama mwehu ikaja chini kwa kichwa. Ndiyo elimu yetu ya anga. Naamini hata wale waliomnyima yule Mzungu fedha za kuiunda ndege yake walimwuliza swali hili hili la mama, kwa lugha ya kwao tu.

"Itapaa sasa?" mama akauliza.

Nilifungua mdomo. Nikauona ule mshono. "Inshallah," nikasema.

Inshallah ni neno kubwa, na limewaokoa waoga wengi. Nilimpigia shemeji simu kule ghorofani nikamwambia mama amechoka leo, nitamwambia kesho. Kesho yake nilikuwa na wateja. Jumapili ikafika na mkia uko pale pale.

Tulikwenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mama, ambaye kwa miezi alikuwa hendi popote, alivaa buibui lake jipya akasema naye anakwenda. Tulipanda tuktuk, mimi na mama, bawa limelala mapajani mwetu na limetokeza nje pande zote mbili, hata kwa mbele nadhani ilionekana tuktuk yenyewe ndiyo inayotaka kuruka. Shemeji alifuata kwa miguu kwa sababu hapakuwa na nafasi. Dereva akauliza tumebeba nini. "Ndege ya mkwe wangu," mama akajibu, kama mtu anayesema gari la mkwe wangu.

Uwanjani walikuwapo watu wachache wakikimbia kupunguza matumbo. Shemeji alitembea mpaka mahali nyasi ni nzuri. Akanitazama mara moja, mtazamo wa kuuliza. Nikatazama viatu vyangu. Akasema Bismillahi, akapiga hatua za mbio, akalisukuma bawa mbele.

Lilikwenda kidogo. Kisha mkia ukashuka, pua ikainuka, likasimama hewani kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka, likarudi kinyumenyume likaangukia mgongo. Ncha moja ikalia ta. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la mkuu, tukavunjika bawa.

Shemeji alikwenda akaliokota, akalirudisha. Mama akakagua hali kwa makini, akatikisa kichwa.

"Mkia mfupi," akasema.

Na kabla hatujasema neno, alikuwa ameshaishika leso aliyojifunga ndani ya buibui, ameuma pindo kwa meno yaliyobaki, anataka kuichana aongeze. Nilijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Nilivuta pumzi. Hakuna kilichotoka. Aliyesema ni shemeji.

"Mama, nisamehe," akasema. "Ndege hii haitaki mkia."

Mama akaacha kuuma. Mtu mmoja aliyekuwa akikimbia alitupita akatusalimu, tukamwitikia sote watatu kwa mpigo.

"Haitaki?"

"Haitaki, mama." Alikuwa amechuchumaa mbele yake, kichwa kimeinama, lakini sauti haikuinama. "Mkia wake umo ndani. Umo hapa, nchani." Akalisogeza bawa karibu, na mama akanyoosha mkono, akapitisha vidole kwenye ukingo kama anavyopima kitambaa, mpaka akafika pale linapopinda. Akarudia. Akapima na upande wa pili.

"Kweli," akasema. "Limepetwa." Akamtazama, uso kwa uso, jambo ambalo sikumbuki kuliona maishani. "Sasa mbona hukunena tangu nyumbani, mwanangu? Kwani miye nimekufunga kanwa?"

"Nilimtuma shemeji," akasema shemeji yangu, bila huruma.

Wote wawili wakanigeukia. Mama akasema tu, "Huyu?" akaniacha hapo.

Akatoa pini kwenye buibui lake, akaketi kwenye nyasi, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja, hataki mtu amsaidie. Ulipotoka mkia akaukunja vizuri, mara nne, akamtilia mkwewe katika mfuko wa shati kwa mkono wake mwenyewe. "Hii si ya ndege," akamwambia. "Hii ni yako." Shemeji aliuziba mfuko kwa kiganja, akakaa hivyo kitambo. Kisha akaifunga ile ncha iliyovunjika kwa utepe wa gundi, akalisawazisha bawa juu ya vidole vyake, akasimama.

Safari hii halikusita. Lilitoka mkononi mwake likaenda, chini chini, manjano juu ya nyasi, halikutikisika wala halikuzunguka. Hakukuwa na kitu nyuma yake. Lilikwenda hivyo hivyo lilivyochorwa, bawa peke yake, likageuka kidogo kushoto kuelekea goli, likapungua, likaketi. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama na sijui nilimshika saa ngapi. Mama akasema Mashallah. Kisha akauliza kama yaweza kurudi yenyewe.

Shemeji alikwenda kulichukua. Alirudi amelibeba juu ya kichwa kwa mikono miwili, anatembea mwendo ambao nilikuwa nimeusahau, ule wa kutupa miguu nje. Na mimi, kwa mazoea tu, kwa kuwa mdomo wangu hauombi ruhusa, nikasema, "Shemeji, kuku wa mama huruka mbali kuliko hapo."

Akasimama. Akalishusha bawa taratibu, akaliegemeza mguuni.

"Shemeji," akasema, "wewe mwanamke akiingia dukani kwako kuulizia njia, anatoka na leso tatu na njia hajui. Una maneno mpaka watu wa Biashara Street wanapita upande wa pili. Leo neno moja, moja tu, la kumwambia mama yako mzazi toa mkia, limekukwama kama mwiba wa samaki tasi." Akapangusa jasho. "Dada yako alikuwa akisema wewe ni simba wa nje, nyumbani paka. Mimi nikikutetea. Nikimwambia mke wangu, usimwonee mdogo wako. Hata nje ni paka."

Mama aligeuka akaanza kulitazama jukwaa la uwanja kwa hamu kubwa, maana utani wa mashemeji mkwe hausikii. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Jibu nilikuwa nalo, tena kali. Nikafungua mdomo nilitoe, kilichotoka ni kilio. Sikuwa nimelia. Msibani nilipika, nilipokea watu, niliwapa wengine bega, na baada ya hapo nilikuwa na kazi ya kumchekesha mtu ghorofani, na anayechekesha hana nafasi. Nilikuwa nangoja aseme neno kwa muda mrefu hivi kwamba nilisahau nami nangoja kulia. Alisema dada yako, akasema mke wangu, akayasema kwa sauti ile ile ya siku ya mlangoni, na mimi nikaketi kwenye nyasi za Tononoka nikalia kama mtoto.

"Mtazameni," shemeji akasema. "Sasa anataka kutufurikia uwanja."

Tukamrudisha mama kwa tuktuk pamoja na bawa lake, maana tayari alikuwa akiliita lake. Sisi wawili tukafuata kwa miguu. Alinitania njia nzima mpaka Mji wa Kale, nami nikamlilia dada yangu njia nzima, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake aache.